Tangazo la Kujitoa

Katika mambo machache ninayojivunia maishani, moja ni kosa la silabi moja. Nililifanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa buluu, kwenye karatasi iliyopigiliwa misumari mlangoni mwa kinu cha posho cha Magwagwa. Nitalieleza kwa utaratibu, kwa sababu nimekwisha kusikia kisa hiki kikisimuliwa na watu ambao hawakuwapo, nao husimulia kicheko tu na kuiacha kazi yenyewe.

Tulikuwa na klabu ya bustani. Ilianza miaka michache baada ya Uhuru, wakati chai ilipokuwa imeshuka kutoka mashamba ya juu mpaka kugusa kuta za nyumba zetu. Sikuwalaumu wanaume waliopanda chai na pareto kila mahali. Karo za watoto zilitoka huko. Lakini ile sehemu ya mboga iliyokuwa nyuma ya jiko, ambayo kila mwanamke aliihesabu kuwa yake, ilipungua mwaka hadi mwaka. Ikafika wakati mke wa mtu mwenye ekari tatu anakwenda sokoni kununua kabichi iliyoletwa na lori, tena iliyonyauka.

Mwenyekiti wetu aliliona jambo hilo kabla yetu sote. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyekuwa amegawa shamba lake kwa wana watano na kubaki na kipande nilichokipima siku moja kwa miguu: hatua tisa kwa nne. Juu ya meko yake vilining'inia vibuyu vidogo vya mbegu. Kimoja kilikuwa na mbegu za chinsaga, mboga yetu chungu ambayo mwanamke aliyejifungua hupikiwa. Kingine managu, kingine maboga, kingine kunde za zamani ambazo siku hizi huzioni. Kila mwaka alizipanda kidogo katika hatua zake tisa kwa nne ili zisife, akavuna, akazirudisha kibuyuni. Aliwahi kuniambia kwamba anachokiogopa si kufa, ni kufa kabla hajapata mahali pa kuzimwaga zote.

Mahali hapo tulipapata, au tulidhani tumepapata. Chini ya barabara, kati ya kinu cha posho na kijito, palikuwa na kiwanja kilichojaa magugu na vigae. Chifu alikubali kuiazima klabu kiwanja hicho, kwa sharti moja alilolisema mbele ya watu: apelekewe majina ya watu wasiopungua ishirini watakaolima, na jembe liwe limeingia kabla mvua ndefu haijaanza. Tukishindwa, kiwanja angepewa mfanyabiashara mmoja wa pale sokoni aliyetaka kujenga duka la mabati na misumari. Huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa miaka kumi, akarudi na kofia ya kufuma na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mtu yeyote kati yetu, na vyote viwili alivivaa kila siku.

Mimi nilikuwa mwandishi wa klabu. Niliacha shule darasa la nne, yaliyobaki nilijifundisha. Kiswahili nilikipata katika Biblia, katika vijitabu vya serikali vya kilimo, na katika kurasa za magazeti zilizofungiwa sukari, ambazo nilizikunjua na kuzipiga pasi. Nilikuwa pia na kamusi. Niliinunua Kisii mjini kwa mtu aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia, na sikuikagua vizuri mpaka nilipofika nyumbani. Mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwisho. Neno la mwisho lililosomeka lilikuwa “tafuna.” Kuanzia hapo mpaka mwisho wa alfabeti nilijitegemea.

Tangazo la kazi za msimu nililiandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya watu wa soko letu walikuwa Wakipsigis na Wajaluo, nao pia walikula mboga. Pili, Bwana Shamba aliyekuwa ameletwa kwetu wiki chache kabla alikuwa mtu wa Pwani, naye ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwa chifu kwamba klabu ipo na ina mpango. Niliandika rasimu tatu. Ya nne niliipiga mistari kwa rula.

Juu kabisa niliandika “Kazi za Masika,” kama vijitabu vilivyosema. Siku ile ile mtu mmoja alikuja kuniuliza huyo Masika ni nani, na kwa nini kazi zake tuzifanye sisi. Alikuwa akimfahamu Masika mmoja, Mluhya, dereva wa lori la chai. Nikafuta nikaandika “Kazi za Mvua Ndefu,” na kwa kuwa nimeshasahihisha kosa moja niliamini tangazo limekamilika.

Chini yake nilipanga kazi kwa zamu. Kwanza kuvunja ardhi na kuinua matuta ishirini na manne. Kisha kubeba samadi kutoka mazizini, kila mtu na kikapu chake. Kisha siku ya kubadilishana mbegu, ambapo mwenyekiti angefungua vibuyu vyake na kila atakayekuja angeleta angalau aina moja ya kwake. Mvua ikishashika, kupandikiza sukuma wiki, kabichi na vitunguu kutoka kitaluni. Na baada ya hapo kuotesha miche ya miparachichi, na kupanda maua mbele ya zahanati, ambako wagonjwa walikuwa wakikaa wakitazama udongo mtupu. Tulihitaji pia mtu wa kufukuza kuku wa kinu, kila siku, kwa kupokezana. Kazi yoyote haikuwekwa Jumamosi wala Jumapili, maana klabu ilikuwa na Wasabato na Wakatoliki karibu nusu kwa nusu, na kwa hiyo wiki yetu ilikuwa na siku tano.

Mwisho niliandika sentensi iliyotugharimu: “Wanaopenda kujitoa katika kazi za bustani waandike majina yao hapa chini.”

Neno hilo nililitoa kanisani. Kila wiki tulihimizwa kujitoa, na mimi nilielewa vizuri kabisa maana yake: mtu kuitoa nafsi yake, mikono yake na siku yake, bila kudai kitu. Niliandika jina langu kwanza, kama mwandishi, na la mwenyekiti la pili.

Kwa siku nne karatasi ilijaa. Wasiojua kuandika waliweka kidole gumba, kwa wino wa muhuri nilioazima kituo cha kununulia majani ya chai. Siku ya nne niliyahesabu majina: thelathini na mawili. Nilisimama pale mlangoni mwa kinu, unga ukinirukia kichwani, nikahesabu tena. Yule mfanyabiashara wa mabati alikuja na debe lake la mahindi, akasoma tangazo kutoka juu hadi chini, taratibu, akanigeukia na uso wa huruma.

“Pole sana, Mwandishi,” akasema.

Nilidhani ananipa pole ya kazi iliyo mbele yetu. Nikamwambia asante, tumeshapoa. Alinitazama kidogo, akainua debe lake akaingia ndani.

Nikaing'oa karatasi, nikaikunja mara mbili, nikaipeleka ofisini kwa chifu. Chifu alikuwa ameitwa Kisii kwa mkutano. Bwana Shamba, aliyekuwa na meza yake kwenye kona ya ofisi hiyo, aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akasema amesikitika. Nikaona ni adabu za Pwani. Nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa na furaha ambayo sijaipata mara nyingi.

Wiki iliyofuata, Jumatano, chifu aliitisha baraza pale sokoni. Baada ya mambo ya kodi na ya mbwa wasiofungwa, alitoa barua ya Bwana Shamba na kuisoma. Ilisema kwamba klabu ya bustani ya Magwagwa imevunjika. Wanachama thelathini na wawili wamejitoa kwa maandishi, wakiwemo Bwana Mwenyekiti na mwandishi. Kwa sababu hiyo kiwanja cha chini ya barabara hakina mtu, na chifu yuko huru kukigawa apendavyo.

Nilisimama kabla sijajua nitasema nini. Chifu akaniinulia karatasi yangu.

“Mama, mwandiko huu ni wako?”

“Ni wangu.”

“Na jina hili la kwanza?”

“Ni langu.”

“Basi umejitoa. Sasa umesimama kama nani?”

Watu walicheka. Nikasema kwamba tulijitoa kwa kazi, hatukujitoa kwenye kazi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo kicheko kilivyozidi. Ndipo Bwana Shamba akainuka. Ni lazima niseme kwamba hakunidhihaki. Alizungumza kama mtu anayemwondolea mwenzake mwiba.

“Kujitoa katika kazi ni kuiacha, mama. Anayetaka kuifanya hujitolea. Kuna le pale katikati.”

Nilimwelewa papo hapo. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Laiti ningekuwa mjinga kabisa ningebisha, lakini nilijua toa na tolea kama nijuavyo pika na pikia, soma na somea. Kanuni nilikuwa nayo, neno ndilo lililoliwa na mchwa.

Mfanyabiashara akaongeza lake kutoka alikokaa. Alisema kwamba kule bandarini mtu akijitoa kazini alipewa nauli ya kurudi kwao; sasa hawa watapewa nauli ya kwenda wapi, na tayari wako kwao? Hata mimi ningecheka, siku nyingine.

Kicheko kilikatika ghafla. Mwanamke mmoja kijana, mmoja wa wale waliotia kidole, alisimama nyuma akauliza kwa Ekegusii, lugha yetu, kama kidole chake kimeuza shamba la mumewe. Miaka ile wapimaji walikuwa wamepita kwetu na minyororo yao, na kila mtu alikuwa na jirani ambaye mpaka wake ulihama baada ya karatasi kutiwa kidole. Niliona wanawake wakitazamana. Mmoja akasema kwamba kama karatasi inaweza kusema umeondoka wakati umekuja, nani ajuaye inasema nini kingine. Hapo nilifahamu kwamba sijapoteza kiwanja tu. Nilikuwa karibu kuipoteza klabu yenyewe, kama barua ilivyosema.

Chifu alikuwa Mgusii kama sisi, na nafikiri alikuwa ameelewa kosa langu tangu mwanzo. Lakini barua ya serikali ilikuwa mkononi mwake na watu wote walikuwa wameisikia. Akatoa uamuzi ambao hata leo nauona kuwa wa haki.

“Mimi siwezi kuamua mambo ya le,” alisema. “Keshokutwa Ijumaa, kabla ya saa sita, nitapita pale kiwanjani. Nikikuta watu ishirini wanalima, basi walijitolea. Wakipungua ishirini, walijitoa, na mzee huyu atajenga duka lake.”

Siku ngumu kuliko Ijumaa haikuwapo. Kwa Wasabato ni siku ya maandalio: kufua, kupika, kusaga, kuchota maji ya siku mbili, yote yaishe kabla jua halijatua. Kwa wote, Wasabato na Wakatoliki, ilikuwa pia siku ya kupeleka majani ya chai kituoni. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima vya upande wa Nyamira.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti nikiwa nimejiandaa. Chifu alikuwa amenirudishia karatasi, nami nilikuwa nimeingiza le kwa wino mwekundu, na mshale mdogo kuonyesha mahali pake. Nilikusudia kwenda nyumba kwa nyumba, nimwonyeshe kila mtu sahihisho, nimweleze. Mwenyekiti aliitazama karatasi, akaiweka chini ya kopo la chumvi.

“Karatasi ibaki hapa,” akasema. “Tukienda nayo watadhani tumekuja kuchukua kidole kingine.”

Akashusha kibuyu cha chinsaga, akakifunga kwenye pembe ya leso, tukatoka.

Nyumba ya kwanza mume alitupokea mlangoni, akasema mke wake ana kazi nyingi kesho. Ya pili walisema watafikiri. Ya tatu ilikuwa ya yule mwanamke kijana wa barazani. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, lakini muda wote mkono wake wa kulia aliuweka chini ya leso. Nilifungua mdomo nimweleze habari za viambishi vya vitenzi. Mwenyekiti akanikanyaga mguu.

Hakuzungumza habari ya karatasi hata kidogo. Aliuliza habari za mtoto, za ng'ombe, za goti la mama mkwe. Kisha akamwaga mbegu kidogo kwenye kiganja chake mwenyewe, akakinyoosha mbele ya mwanamke yule ili azipokee, na mwanamke hakuwa na namna ila kutoa mkono wa kulia. Mwenyekiti akamfunga vidole juu ya mbegu.

“Risaga yangu ni kesho,” akamwambia. “Utakuja nazo.”

Kwa asiyejua, risaga ni kazi ya kuitana. Mtu mwenye kazi inayomshinda huwaita majirani, wanakuja na majembe yao, wanalima pamoja kwa nyimbo, na mwenye kazi huwapikia. Haiandikwi popote. Zamani ilimalizikia kwa pombe. Kwetu, kwa ajili ya Wasabato, ilikuwa imegeuka uji wa wimbi na ndizi za kuchemsha. Mwenyekiti wetu alikuwa hajawahi kukosa risaga ya mtu yeyote tangu aolewe, wala yeye mwenyewe hakuwa ameita tangu mumewe afariki, maana hatua tisa kwa nne hazihitaji watu. Sasa alikuwa ameita.

Katika nyumba kumi zilizofuata nilibeba kibuyu tu. Kila nyumba ilipata mbegu chache na maneno yale yale matatu manne. Jua lilipoanza kulegea tulikuwa hatujamaliza hata nusu ya orodha, na miguu yake ilikuwa imevimba. Nilimwambia tupumzike, mimi nitaendelea peke yangu. Badala yake alipanda juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo nyumba za ng'ambo zote zinaonekana, akashika kiuno, akaita. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini alijua mahali pa kusimama. Aliita kwa Ekegusii kwamba kesho ni risaga yake pale chini ya barabara. Kisha kutoka ng'ambo mtu akalirudia tangazo kwa waliokuwa mbali zaidi, na baada yake mwingine, mpaka likapita nyuma ya kilima na sikulisikia tena. Tangazo lake halikuwa na kosa hata moja.

Ijumaa alfajiri nilikuwa kiwanjani peke yangu na pipa la uji. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito na sikuona hata kinu. Nilipanda vigingi: kimoja kila mwanzo wa tuta, kamba kati yake. Saa moja hakukuwa na mtu. Saa moja na nusu alikuja mwenyekiti akichechemea, akauliza kama uji umeiva, akashika jembe akaanza tuta la kwanza bila kunitazama. Wawili. Nilianza tuta la pili.

Tulisikia kabla ya kuona. Kwanza majembe yakigongana, chuma kwa chuma, huko juu barabarani. Kisha wimbo, sauti moja ikiongoza na nyingi zikijibu. Wakatoka katika ukungu wanane kwa pamoja, vikapu vya samadi vichwani, wakiwemo wa nyumba ile ambayo mume alisema mkewe ana kazi, na mume mwenyewe nyuma yao akiwa na majembe mawili. Kabla hawajashuka wakasikika wengine upande wa kijito. Kuna waliokuja na majani ya chai tayari wamechuma, vikapu vyao wakaviweka kivulini wapeleke baadaye. Wasabato walikuwa wamefua nguo zao tangu Alhamisi. Baadaye niliambiwa nyua zote za kijiji zilikuwa zimefunikwa shuka.

Yule mwanamke kijana alikuja na mtoto mgongoni. Aliitoa ile ngumi aliyofungwa na mwenyekiti, kana kwamba hakuifungua usiku kucha, akamwaga mbegu katika kibuyu. Kisha akalima. Baada ya tuta moja akanijia, akaninyooshea kidole gumba kilichojaa udongo mpaka ndani ya kucha.

“Kimerudi,” akasema, na akarudi kazini.

Nilihesabu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Katika majina thelathini na mawili walifika thelathini na mmoja. Wa thelathini na mbili alikuwa amejifungua Alhamisi, naye alimtuma mama mkwe wake. Juu ya hao walikuja watu kumi na tisa ambao hawakuwa wanachama wa kitu chochote, wakiwemo Wakipsigis watatu waliokuwa wakipita na mbuzi wao na kuona ni vibaya kupita tu.

Mfanyabiashara wa mabati alifika karibu saa nne, amevaa koti. Alisimama juu ukingoni, mikono nyuma, akitazama kiwanja alichokuwa amekwisha kukipimia duka. Kwa desturi yetu mtu asimamaye kando ya risaga bila jembe huchokozwa mpaka aingie au akimbie. Mwenyekiti alinyoosha mgongo.

“Wewe mtu wa Mombasa,” akamwita kwa Kiswahili, kwa makusudi. “Jembe halijui Kiswahili. Shuka.”

Wanawake walishangilia. Alikuwa na muda wa kutosha kuondoka. Halafu akavua koti, akavua viatu, akavipanga vizuri juu ya jiwe, akashuka. Alilima vibaya. Tuta lake lilipinda, na wakamwambia linarudi bandarini. Lakini alilimaliza, na la pili lilinyooka.

Chifu alipokuja saa tano na nusu, akiwa na Bwana Shamba, matuta ishirini na mawili yalikuwa yameinuliwa na mawili yalikuwa yanamaliziwa. Ukungu ulikuwa umeondoka na udongo mpya ulikuwa mwekundu kutoka barabarani hadi kijitoni. Chifu alizunguka kiwanja chote. Alihesabu kwa kidole, nikaona midomo yake ikitembea. Alipofika ishirini aliacha.

“Bwana Shamba,” akasema, “andika.”

“Niandike nini, Mzee?”

“Kile unachokiona. Na kiwanja ni chao.”

Sikupiga kelele. Nilikaa chini juu ya tuta, jambo ambalo nilikuwa nimewakataza watu wote, mpaka mtu akaniinua. Wimbo ulikuwa umeanza tena na haukuwa na uhusiano wowote na bustani. Ulikuwa ule wa kumsindikiza bibi harusi.

Bwana Shamba alitoa daftari lake, akaniomba nimpeleke kwa mwenyekiti ili atie sahihi. Alisema amemtafuta tangu alipofika wilaya hii na hajakutana naye ana kwa ana, ingawa katika kila mkutano amesikia wanawake wakisema Baba amekataa, Baba amekubali, ngoja tumuulize Baba. Nikamwonyesha yule bibi kizee aliyekuwa amezama hadi magotini katika samadi. Akanitazama. Nikamweleza kwamba kwetu baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Alifungua daftari, akatazama “Bwana Mwenyekiti” aliyemwandika katika kila barua, akaanza kucheka mpaka akafuta macho.

“Basi tumelingana, Mwandishi,” akasema.

“Hatujalingana,” nikamwambia. “Mimi kosa langu ni silabi moja. Wewe umegeuza mtu mzima.”

Mvua ilianza siku tatu baadaye, alasiri, na ilishika. Siku ya mbegu ilifanyika kama nilivyoandika. Mwenyekiti alivifungua vibuyu vyote, akavipindua kimoja kimoja akigonga kitako ili hata mbegu ya mwisho itoke, akaenda navyo nyumbani vitupu. Nilipomwona akitembea hivyo sikumfikiria kuwa mtu mwenye miguu mibovu. Tulipandikiza sukuma wiki, tukapanda maua mbele ya zahanati, na kuku wa kinu walifukuzwa kwa zamu, mfanyabiashara akiwa na zamu ya Jumanne. Duka lake alilijenga juu ya barabara, na lilifanya vizuri.

Kabla mwaka haujaisha Bwana Shamba aliniazima kamusi yake, nzima, kwa mwezi mmoja. Nilinunua madaftari mawili nikanakili kila neno lililoliwa, kuanzia pale baada ya “tafuna” hadi mwisho. Sikufuata mpangilio mara ya kwanza. Nilianza na toa na watoto wake wote, nikarudi nyuma kwa utaratibu.

Msimu uliofuata nilipiga mistari kwa rula, nikaandika tangazo jipya: wanaopenda kujitolea. Nililihakiki mara tano, nikalipigilia mlangoni mwa kinu. Asubuhi ya pili yule mwanamke wa kidole alikuja kunilalamikia. Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima na alisoma kila kitu alichokutana nacho. Aliuliza kwa nini nimebadilisha neno. Kujitolea, alisema, ni kwa watu wengine. Sisi ndio wa kujitoa.

Wenzake walikubaliana naye. Mpaka leo, Magwagwa, mtu akipita akisema kesho ni siku ya kujitoa, hakuna anayebaki nyumbani. Nami, mwenye kamusi kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, nimeacha kuwasahihisha. Tangazo la mwaka uliofuata nililiandika kwa wino mweusi, herufi kubwa, bila le.